Meza ya Watu Wanane: Gumzo na Urafiki wa Wapenda Meli za Kitalii

Safari ya meli ya kitalii ni safari ambayo abiria hapandi chombo ili kimfikishe mahali fulani, bali hupanda ili akae humo wiki moja au mbili, apitishwe katika bandari kadhaa, kisha ateremshwe mara nyingi pale pale alipopandia. Namna hii ya kupumzika, iliyokuwa anasa ya matajiri wachache, imeenea mno Marekani, Uingereza, Ujerumani na Australia, kiasi kwamba mwaka 2023 abiria wapatao milioni 31.7 walisafiri hivyo duniani kwa hesabu ya chama cha kimataifa cha kampuni za meli hizo. Yanayoandikwa juu yake huhusu zaidi ukubwa wa vyombo, wingi wa vyakula na malalamiko ya miji inayopokea wageni wengi kwa siku moja. Lisiloandikwa sana ni gumzo: mazungumzo mepesi ya watu waliokutana baharini, au waliojuana kwa njia ya intaneti kabla ya kukutana, ambao husafiri pamoja mwaka huu na kuzungumza mwaka mzima hadi safari ifuatayo. Mtu aliyekwishaiona bandari ya Nassau au ya Cozumel mara kumi harudi kwa ajili ya kuitazama tena. Wala harudi kwa sababu ya chakula, ambacho kwa bei hiyo hiyo angekipata mjini kwake. Wengi wa wasafiri wa namna hii hurudi kwa sababu ya watu, na makala haya yanadai kwamba gumzo lao, ambalo kwa mtu wa nje laonekana kuwa maneno ya kupitisha muda, limekuja kuchukua nafasi ya kitu cha thamani ambacho meli zenyewe zilikuwa nacho zamani na zikakiacha.

Historia ya safari hizi ilianza na hesabu ya biashara. Albert Ballin, mkurugenzi wa kampuni ya meli ya Hamburg iliyojulikana kwa kifupi kama HAPAG, aliona kwamba meli zake kubwa zilizovusha watu kati ya Ulaya na New York zilikosa abiria majira ya baridi, Atlantiki ya kaskazini inapochafuka. Basi tarehe 22 Januari 1891 meli Augusta Victoria iling'oa nanga Cuxhaven kuelekea Bahari ya Mediterania ikiwa na abiria 241, Ballin mwenyewe na mkewe wakiwamo, kwa matembezi ya takriban miezi miwili. Abiria hao walitofautiana na wale wa kawaida wa Atlantiki kwa jambo moja kubwa. Mvukaji wa Atlantiki alikuwa akienda kwa ndugu, kwa kazi au kuanza maisha mapya, na mawazo yake yalikuwa yamekwishatangulia ng'ambo. Mtu aliyepanda Augusta Victoria hakuwa na pa kuwahi, na kwa hiyo yeyote aliyeketi karibu naye alistahili kusikilizwa.

Ndege za jeti zilipoanza kuvusha abiria juu ya Atlantiki kwa ratiba, Oktoba 1958, kazi ya meli ya kuvusha watu ilikwisha katika muda mfupi, na kilichobaki ni matembezi. Desemba 1966 Knut Kloster, mwenye meli kutoka Norwei, na Ted Arison, mfanyabiashara aliyezaliwa Tel Aviv, walianza kupeleka meli Sunward kutoka Miami hadi Bahamas, na mwaka 1972 Arison akaanzisha kampuni yake mwenyewe, Carnival, ambayo meli yake ya kwanza, Mardi Gras, ilipanda fungu la mchanga nje kidogo ya Miami katika safari yake ya kwanza kabisa. Lililoyaeneza matembezi hayo kuliko tangazo lolote la biashara ni mchezo wa televisheni The Love Boat, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1977 na ambao chimbuko lake ni kitabu cha Jeraldine Saunders, mwanamke aliyewahi kufanya kazi ya kuongoza burudani melini. Katika kila sehemu ya mchezo huo watu wasiojuana walipanda meli Jumamosi na kushuka wakiwa marafiki, wapenzi au wapatanishwa, na kizazi kizima cha Wamarekani kikafundishwa kwamba meli ni mahali pa kukutana na watu.

Fundisho hilo halikuwa uongo, kwa kuwa meli za wakati huo zilikuwa na chombo maalumu cha kukutanishia watu, nacho ni meza ya chakula cha jioni. Ukumbi mkuu wa kulia chakula ulikuwa na zamu mbili, ya kwanza yapata saa kumi na mbili jioni na ya pili baada ya saa mbili usiku, na kila abiria alipewa kadi yenye zamu yake na namba ya meza yake, ambayo ilikuwa ya watu sita, wanane au kumi. Hakuchagua wenzake. Usiku wa kwanza aliketi na mwalimu mstaafu wa Ohio, mafundi bomba wawili wa Manchester waliooa dada na dada, na mjane asafiriye peke yake. Usiku wa pili aliwakuta hao hao. Na hivyo hadi mwisho, wakihudumiwa na mhudumu mmoja ambaye kufikia siku ya tatu alikwishajua nani hali samaki na nani hunywa chai bila sukari. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya meza hiyo inaeleweka upesi akiifikiria baraza ya nje ya nyumba, ambapo mazungumzo hayahitaji mwaliko wala ajenda, kwa sababu watu wale wale wataketi pale pale kesho pia.

Nguvu ya meza ilikuwa katika kurudia. Usiku wa kwanza watu huulizana wametoka wapi na hii ni safari yao ya ngapi. Usiku wa tatu huonyeshana picha za wajukuu. Na usiku wa tano, baharini, mbali na wote wanaowajua, huanza kusimulia maradhi, talaka na vifo ambavyo huenda hawajawasimulia majirani zao. Hakuna ukumbi wa mikutano wala mtaalamu wa saikolojia anayeweza kuharakisha mwendo huo, kwa maana imani kati ya watu hukua kwa siku nyingi fupi kuliko kwa siku moja ndefu. Usiku wa mwisho, masanduku yakiwa yamekwishatolewa nje ya milango ya vyumba ili yakusanywe, anwani ziliandikwa nyuma ya orodha za vyakula, na ndipo barua za Krismasi zilipoanza kupita kati ya nyumba ambazo zisingejuana kamwe.

Ni kweli pia kwamba meza hiyo ilikuwa ya lazima, na lazima ina machungu yake. Mtu aliyepangwa na mlevi, au na mjuaji wa kila jambo asiyempa mwenzake nafasi ya kusema, alilazimika kumwendea mkuu wa wahudumu na kuomba kwa aibu ahamishwe. Familia zenye watoto ziliona zamu ya pili imechelewa mno, na wapenda kukaa bandarini hadi jua lizame waliona ya kwanza imewahi mno. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian Cruise Line ilianzisha utaratibu wa kula bila zamu wala namba ya meza, abiria akichagua saa, ukumbi na wa kula naye, na baada ya muda kampuni nyingine nyingi zikaufuata kwa namna mbalimbali, zikiongeza migahawa ya kulipia ambayo ilileta mapato mapya. Meli nazo zilikua. Icon of the Seas, iliyoanza safari kutoka Miami Januari 2024, ina urefu wa takriban mita 365 na sitaha ishirini, nayo inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 na wafanyakazi 2,350, idadi ambayo katika nchi nyingi ni ya mji mdogo. Humo mtu anaweza kuongea kwa furaha na jirani wa kiti cha bwawani asubuhi ya Jumatatu na asimwone tena mpaka siku ya kushuka. Baadhi ya meli kubwa zimetenga hata eneo la ndani lenye mgahawa, bwawa na sitaha yake, linalofunguliwa kwa kadi ya waliolipa zaidi tu. Uhuru uliopatikana ni halisi na haufai kubezwa. Lakini kilichopotea nacho kilikuwa halisi, ingawa hakikuwahi kuandikwa katika kijitabu chochote cha matangazo kuwa sehemu ya bei.

Wasafiri wenyewe ndio waliokijenga upya, na hapa ndipo ilipo thamani ya urafiki wa intaneti ambao watu wa nje huudharau. Watu waliolipia safari moja ya tarehe moja walianza kutafutana miezi kabla ya kuondoka, kila mmoja akijitambulisha kwa jina, mji, chumba cha sitaha gani na safari ya ngapi, na kufikia siku ya kupanda meli watu thelathini au sitini huwa tayari wana meza yao bila kupangiwa na mtu. Kampuni nyingi zimelitambua jambo hilo, kiasi cha kuwatengea makundi hayo ukumbi, kahawa na vitafunio siku ya kwanza isiyo na bandari, na mara nyingine maofisa wakuu wa meli hufika kuwasalimu. Ni mkutano wa ajabu kwa mwenye kuutazama: watu wazima wenye vibandiko vya majina vifuani, ambao hawajawahi kuonana, wanakumbatiana na kuulizana juu ya mbwa aliyefanyiwa upasuaji mwezi uliopita.

Kutokana na makundi hayo zimezuka desturi ambazo hazikutungwa na kampuni yoyote. Milango ya vyumba vya meli ni ya chuma na hufanana kwa safu ndefu isiyoisha, hivyo wasafiri huibandika mapambo ya sumaku ili waikumbuke, na mapambo hayo yenyewe huwa ni salamu kwa wapitao, kwani humtambulisha mwenye chumba kuwa ametoka mji fulani au anasherehekea miaka hamsini ya ndoa. Katika meli za Disney, ambazo ya kwanza ilianza safari mwaka 1998, kando ya mlango wa chumba kulikuwa na pambo la chuma lenye umbo la samaki, lililowekwa kwa ajili ya kushikilia karatasi. Familia zikaanza kulitundikia mifuko ya kitambaa iliyoshonwa nyumbani, na katika kundi la familia zilizokubaliana kila mmoja hupita kwa siri na kutia zawadi ndogo katika mifuko ya wenzake. Tangu mnamo mwaka 2018 imeenea pia desturi ya kuficha bata wadogo wa mpira katika ngazi, maktaba na vyungu vya maua vya meli, kila bata akiwa na kikaratasi chenye jina la meli na mji wa aliyemficha, ili mtoto atakayemwokota amchukue au amfiche tena. Wako wanaoona mambo haya ni utoto. Hata hivyo, mtu mzima anayekubali kufanya jambo la kitoto pamoja na wageni amekwisha kuvuka ukuta ambao mazungumzo ya heshima huchukua siku tatu kuuvuka.

Maneno yanayojaza gumzo lenyewe yana elimu yake. Wasafiri wazoefu hufundisha wapya kwamba chumba chema ni kile kilicho na vyumba vingine juu na chini yake, maana aliye chini ya ukumbi wa kujipakulia chakula ataamshwa alfajiri na viti vinavyoburutwa, na aliye chini ya ukumbi wa dansi hatalala mapema. Kwamba mwenye kuogopa kichefuchefu cha bahari achague sitaha ya chini katikati ya meli, ambako mtikiso ni mdogo, na awe na tangawizi. Kwamba saa ya meli na saa ya bandari huweza kutofautiana, na anayetembea kwa mipango yake mwenyewe badala ya ziara iliyouzwa na meli hatangojwa akichelewa hata dakika chache, bali ataiona meli ikiondoka gatini huku abiria wa roshanini wakimtazama akikimbia.

Yamo pia maswali ya sheria, ambayo hujadiliwa kwa bidii ambayo ingemfurahisha mwalimu yeyote wa uraia. Abiria mpya wa Alaska huuliza kwa nini meli iliyoondoka Seattle lazima iguse mji wa Victoria nchini Kanada, mara nyingi jioni na kwa saa chache tu, na mzoefu humweleza kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli za kigeni kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani hadi nyingine, na kwamba meli nyingi za kitalii, ingawa huendeshwa kutoka Miami, zimesajiliwa Bahamas, Panama au Malta, hivyo huhesabiwa kuwa za kigeni na sharti zipite katika nchi nyingine kabla ya kurudi. Mtu aliyeelezwa hivyo mwaka jana ndiye anayeeleza mwaka huu, na katika kupokezana elimu hiyo ndogo mgeni hugeuka mwenyeji.

Hata zoezi la dharura, yaani mafunzo ya kuvaa jaketi okozi na kujua mahali pa kukusanyikia meli ikipata ajali, lina nafasi katika mazungumzo haya. Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, na watu 32 kufariki, ilibainika kwamba mamia ya abiria waliopanda katika bandari ya Civitavecchia siku ile ile walikuwa hawajafanya zoezi hilo, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Baadaye mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao mizizi yake ni ajali ya Titanic ya mwaka 1912, ulirekebishwa ili lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Tangu mwaka 2021 kampuni nyingi zinamruhusu abiria atazame maelekezo kwenye simu au televisheni ya chumbani, kisha apite peke yake mahali pake pa kukusanyikia na kuandikishwa. Ni utaratibu mzuri usiochosha, na wengi wameusifu; lakini nusu saa ya kusimama bega kwa bega sitahani pamoja na mia moja wasiojulikana, wote wakisubiri kengele, ilikuwa mara nyingi nusu saa ya kwanza ya urafiki, nayo imekwenda na meza.

Mahali ambapo gumzo limebaki katika hali yake kamili ni safari za kuhamisha meli. Kila mwaka, yapata Aprili na Mei, meli nyingi zilizokuwa Karibiani hupelekwa Ulaya kwa msimu wa joto, na Oktoba au Novemba hurudishwa, na kwa kuwa meli tupu ni hasara, nafasi huuzwa kwa bei ya chini kwa watu wenye muda. Wanaozipenda ni wastaafu zaidi. Kati ya visiwa vya Azores au Kanari na pwani ya Florida kuna siku tano, sita, hata saba mfululizo bila kuona nchi kavu, na siku hizo, ambazo mtu asiyezoea huziogopa kama kifungo, ndizo wapenda gumzo huzihesabu kuwa kiini cha safari. Anayeelekea magharibi hupewa zawadi ya ziada, kwa sababu saa hurudishwa nyuma usiku baada ya usiku na siku hizo huwa na saa 25.

Utaratibu wa siku kama hizo hujengwa na abiria wenyewe. Baada ya chai ya asubuhi kuna chemshabongo, shindano la maswali ya historia, muziki na jiografia, ambalo zawadi yake ni kalamu au kishikio cha funguo, na ambalo timu za watu sita hulishindania kwa moyo wote hata wakaapa kukutana tena mwaka ujao kulipiza. Kona moja hukaliwa na wafumaji wa sufu, nyingine na wacheza karata. Ratiba ya kila siku hutangaza vikao vya wakongwe wa vita, na pia vikao vya watu walioacha pombe, vilivyoandikwa kwa jina ambalo wenyewe wanalielewa ili wasifedheheke. Kwamba mtu anayepigana kuacha kileo anaweza, katikati ya Atlantiki, ndani ya chombo chenye baa nyingi, kukuta chumba chenye wenzake wanne wanaomngoja saa kumi na moja jioni, ni moja ya mambo ya utu zaidi yanayotokea katika meli hizi.

Waliosafiri peke yao wameguswa na mabadiliko ya meli kwa namna ya pekee. Kwa miaka mingi bei za vyumba zilihesabiwa kwa watu wawili, na mjane au mseja alilipa karibu mara mbili kwa ajili ya kitanda ambacho hakukilalia. Norwegian Epic, iliyoanza kazi mwaka 2010, ilikuja na vyumba vidogo 128 vya mtu mmoja mmoja, vikizunguka sebule ya pamoja ambayo ni wakazi wake tu walioweza kuingia. Chumba chenyewe hakikuwa kitu. Sebule ndiyo iliyokuwa jawabu, maana iliwarudishia wapweke mahali ambapo kuketi peke yako na kitabu hakukuzuii kualikwa. Baadhi ya wanaotafutana kwa intaneti kabla ya safari ni watu wa kundi hili, waliofiwa na wenzi wao na kuogopa si bahari bali mlango wa ukumbi wa chakula usiku wa kwanza.

Nchi kavuni, mazungumzo ya wasafiri hawa wote yahusuyo meli ni machache kuliko mtu angedhania. Huzungumza juu ya goti litakalobadilishwa, mvua ya mawe iliyoharibu bustani, mjukuu aliyepata kazi, mapishi ya mkate wa ndizi, na vimbunga vya Atlantiki, ambavyo msimu wake ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30 na ambavyo hutishia nyumba za wengi wao Florida kabla ya kutishia safari zao. Mmoja wao akiwa baharini, walio nyumbani humfuata kwa ramani: meli zote za abiria zinazosafiri kimataifa sharti ziwe na kifaa cha redio kinachotangaza jina, mahali na mwendo wa chombo, na matangazo hayo huonekana bure kwenye simu. Bandari za Miami na Fort Lauderdale zina kamera za moja kwa moja, na imekuwa desturi abiria kusimama roshanini meli ikitoka, wakipunga taulo kwa rafiki aliye umbali wa maelfu ya kilomita anayewatazama akiwa na kikombe cha kahawa.

Uthabiti wa urafiki huu ulipimwa mwaka 2020. Mwanzoni mwa Februari meli Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, ambao 712 kati yao waliambukizwa Uviko-19, na katikati ya Machi safari kutoka Marekani zilisimama kabisa, zisirudi na abiria wa kulipa hadi tarehe 26 Juni 2021, Celebrity Edge ilipoondoka Fort Lauderdale. Kwa miezi kumi na mitano hapakuwa na safari ya kupanga, na kama gumzo lingekuwa la meli tu lingekufa. Halikufa. Watu walisaidiana kudai nauli zao, wakauliziana chanjo, wakafuatilia habari za wafanyakazi waliokwama baharini kwa miezi bila kuweza kurudi kwao, na wakaomboleza kwa pamoja meli kama Carnival Fantasy na Carnival Imagination zilipopelekwa Aliağa, Uturuki, kukatwa chuma. Waliombolezana pia wao kwa wao, kwa maana wengi ni wazee, na kila mwaka kuna jina ambalo halijibu tena.

Urafiki huu una mipaka ambayo haifai kufichwa. Wahudumu, wengi wao wakitoka Ufilipino, Indonesia na India kwa mikataba ya miezi sita hadi tisa, hukumbukwa kwa majina na kupewa bakshishi na picha za familia, lakini wao wako kazini siku saba kwa wiki na hawawezi kuinuka mazungumzo yakiwachosha. Miji nayo imeanza kujitetea: Venice ilizifungia meli kubwa njia ya katikati ya mji mwaka 2021, na Juneau, Alaska, tangu 2024 hupokea meli kubwa zisizozidi tano kwa siku. Mombasa na Zanzibar, ambazo hupokea meli hizi kwa uchache zinapozunguka kati ya Afrika Kusini na Shelisheli, zilipungukiwa na wageni hao baada ya maharamia wa Kisomali kuishambulia Seabourn Spirit Novemba 2005 na MSC Melody Aprili 2009, kisha zikaanza kuwaona tena hali ilipotulia; lakini mwongozaji wa Mji Mkongwe au dereva wa teksi wa Mombasa huwaona watu hawa kwa saa sita au nane tu, wakiwa na kofia na chupa za maji, nao wenyewe kwa wenyewe wamejuana miaka kumi. Si ajabu akadhani kwamba hawana haja na mazungumzo, ilhali swali moja la dhati kuhusu nyumba waliyotoka lingewafungua vinywa njia nzima.

Kampuni za meli zina ofisi maalumu ndani ya chombo inayouza safari ijayo kabla hii haijaisha, kwa amana iliyopunguzwa, na siku mbili za mwisho hapo huwa na foleni. Wanaopanga foleni hiyo mara nyingi huja kwa makundi, wakikubaliana tarehe kabla ya kuuliza meli inakwenda wapi. Kampuni zilizo makini zingejifunza zaidi kutoka kwenye foleni hiyo kuliko kutoka kwenye hojaji zao zote. Cunard, kampuni ya Uingereza, imedumisha zamu mbili na meza za kudumu katika ukumbi wa Britannia wa meli zake, na kwingineko bado yako makaunta ambapo abiria anaweza kusema kwamba angependa kuketi na watu asiowajua. Kinachotakiwa ni jambo hilo liulizwe na mhudumu kwa kila anayefika mlangoni, hasa aliye peke yake, badala ya kuachiwa wale tu wenye ujasiri wa kuliomba.